Santuri Kuukuu Ninunue?

*Bwana Fundi, muuza vikuukuu ananitolea santuri za taarabu za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zenye mikwaruzo tele. Nitie fedha yangu? — M., Tanga*

Ndugu M., hofu ya kupoteza mali ni haki yako, walakini mikwaruzo si hoja kubwa kuliko ukijivu wa mifereji, dalili ya kwamba sindano nzito za chuma zimekwisha kuila sauti, wala hali hiyo haina dawa. Iinamishe sahani nuruni: iking'aa, inunue. Ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, mimi ningeitwaa hata ikiwa na ukijivu. Ioshe kwa maji na sabuni laini pasipo kulowesha karatasi ya katikati, wala usitumie spiriti, kwani huyeyusha lakiri iliyoundia santuri hizi. Kisha tumia sindano pana ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Yenye ufa usiipige. Mpelekee fundi wa kunakili sauti.