Ukimya Si Ushahidi: Kuweka Ufuatiliaji wa Nakala Rudufu za Kompyuta

Ofisi nyingi ndogo siku hizi huhifadhi katika kompyuta yale yaliyokuwa yakiandikwa daftarini: hesabu za duka, michango na mikopo ya wanachama, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi. Wenye ofisi hizo wengi wamekwisha kupewa nasaha ya kutunza nakala rudufu, na baadhi yao wamemlipa fundi aipange kompyuta inakili kazi zake kila usiku bila kuguswa na mtu. Wengi huishia hapo. Ratiba imewekwa, fundi ameondoka, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza kama kazi ile inafanyika.

Somo hili linahusu hatua inayofuata, yaani kuweka ufuatiliaji unaojiendesha, utakaomjulisha mwenye ofisi mara tu nakala inapokosekana. Msomaji hahitaji utaalamu wa kompyuta ili aelewe. Akishaelewa, ataweza kuuweka mwenyewe, au kumwagiza fundi kwa maneno yaliyo wazi na kuikagua kazi yake.

Kwa nini ratiba peke yake haitoshi

Kazi iliyopangwa hushindwa kimya kimya. Umeme hukatika usiku, saa ya kunakili ikapita kompyuta ikiwa imezimika. Diski ya nje hujaa, au huchomolewa na mtu aliyetaka nafasi ya kuchaji simu. Neno la siri hubadilishwa, na programu ya kunakili, ambayo bado inatumia la zamani, hukataliwa. Kifurushi cha intaneti huisha. Katika hali zote hizo ofisi hufunguliwa asubuhi kama kawaida, kompyuta huwaka, wateja huhudumiwa, wala hakuna kinachoonesha kwamba nakala ya mwisho ni ya miezi mitatu iliyopita. Hasara hujulikana siku nakala inapohitajika, wakati ambapo kosa haliwezi tena kurekebishwa.

Jambo hili haliwapati wadogo peke yao. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watunzi wa programu kazi zao, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye takriban gigabaiti 300. Zilipotafutwa nakala za kila siku, ghala lilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, kwa hiyo ilikuwa ikianza kazi na kukoma kwa hitilafu. Barua pepe za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, hivyo hazikumfikia mtu. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine, ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa shughuli tofauti kabisa. Hata hivyo, kazi ya muda huo wa saa sita ilipotea, na kampuni yenyewe ilikadiria hadharani kwamba miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 ziliathirika.

Funzo lake ni kubwa. Kengele ilikuwapo, lakini ilitegemea habari mbaya isafiri hadi imfikie mtu. Habari ilipokwama njiani, ukimya ulichukuliwa kuwa ni usalama.

Kanuni: kengele ilie ishara njema isipofika

Tumfikirie mlinzi wa usiku aliyeagizwa apige filimbi kila baada ya saa moja. Mwenye nyumba hangoji mlinzi aje kumwambia kwamba amelala. Filimbi isiposikika, huamka mwenyewe akaenda kutazama. Nakala rudufu nazo zilindwe hivyo hivyo. Kila kazi ya kunakili inapokamilika vyema, itume ishara fupi kwa msimamizi aliye nje ya kompyuta hiyo. Msimamizi anajua ishara inatakiwa ifike lini, na muda ukipita bila kuiona, humpigia kengele mwenye ofisi. Kwa utaratibu huu haidhuru chanzo ni umeme, diski, neno la siri au intaneti, kwa kuwa yote huishia katika jambo moja: ishara haikufika.

Hatua za kuweka ufuatiliaji

1. Orodhesha kazi zote za kunakili. Andika kila moja inanakili nini, kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi, na kwa kawaida huchukua muda gani. Kazi isiyo katika orodha haitafuatiliwa.

2. Sahihisha saa. Saa 8 usiku kwa Kiswahili huandikwa 2:00 katika kompyuta. Aidha, huduma nyingi za ufuatiliaji hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo kazi ya saa 8 usiku huonekana huko kuwa ni ya 23:00 ya siku iliyotangulia.

3. Fanya ishara ifuate mafanikio, isifuate mwisho tu wa kazi. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Katika kompyuta za Linux, amri ya kunakili na amri ya kutuma ishara zikiunganishwa kwa alama ya ; ishara itatumwa hata kunakili kukishindwa. Zikiunganishwa kwa alama ya && ishara itatumwa pale tu amri ya kwanza ilipofaulu. Katika Windows, kipanga kazi huonesha namba ya matokeo, na kwa programu nyingi sifuri maana yake ni kufaulu. Zipo zenye desturi yake: Robocopy, kwa mfano, hutoa 1 inaponakili mafaili salama, na namba kuanzia 8 ndizo za kushindwa.

4. Mweke msimamizi mahali pengine. Kompyuta iliyozimika haiwezi kutuma ujumbe wa kusema kwamba imezimika. Zipo huduma za intaneti za kazi hii, nyingine bila malipo kwa mtumiaji mdogo. Ofisi yenye matawi inaweza pia kuzipanga kompyuta za matawi mawili zisimamiane. Weka muda wa uvumilivu: kazi inayochukua dakika 40 ipewe saa mbili au tatu kabla kengele haijalia, ili umeme uliokatika kidogo usimwamshe mtu bure.

5. Pima ukubwa, usitazame jina na tarehe tu. Programu ya gzip, inayotumika sana kubana mafaili, ikipokea kitu kitupu kutoka kwa programu nyingine hutoa faili la baiti 20, lenye jina sahihi na tarehe ya leo, lakini ndani hamna kitu. Agiza kazi ilinganishe nakala ya leo na ya jana, na izuie ishara endapo nakala imepungua sana ghafla. Ikiongezeka kupita kiasi nako ni jambo la kuchunguzwa, kwani programu za wahalifu zinazofunga mafaili ili kudai fidia huyabadilisha mafaili mengi kwa mara moja. Pima vilevile nafasi iliyobaki katika diski, na uarifiwe kabla haijajaa.

6. Chagua wapokeaji wa kengele. Wawe angalau wawili, na njia ziwe mbili, kwa mfano barua pepe na ujumbe wa simu. Mmoja akiacha kazi, namba yake ibadilishwe siku hiyo hiyo. Hatushauri ujumbe wa kila siku wa kusema kwamba mambo ni mazuri, kwa sababu baada ya wiki chache hausomwi, na siku usipokuja hakuna atakayetambua.

7. Ijaribu kengele yenyewe. Chomoa diski kwa makusudi usiku mmoja, kisha uone kama ujumbe utafika, utamfikia nani, na baada ya muda gani. Kengele isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Kurejesha ndiko kunakothibitisha

Ufuatiliaji hueleza kwamba nakala ipo. Hauelezi kwamba inafunguka. Kwa hiyo, kila mwezi rejesha mafaili machache katika folda tofauti, yafungue na uyasome. Angalau mara mbili kwa mwaka, rejesha kazi yote katika kompyuta nyingine, na uandike daftarini tarehe, muda uliotumika na kasoro zilizoonekana. Hakikisha pia nakala moja inakaa mbali na ofisi, maana moto au mwizi hachagui kati ya kompyuta na diski iliyo kando yake.

Unapomlipa mtu kazi hii

Mtumiaji anayenunua huduma ya nakala rudufu hanunui diski wala programu. Ananunua uwezo wa kuipata kazi yake siku ya shida. Kabla ya kutia saini, aulize na apate majibu kwa maandishi:

- Nakala ikikosekana, nitaarifiwa baada ya muda gani, na kwa njia ipi?
- Nani anaifuatilia siku za mapumziko?
- Mara ya mwisho kurejesha nakala kwa majaribio ilikuwa lini, na naweza kuona matokeo?
- Nikivunja mkataba, nitapewaje nakala zangu na funguo za kuzifungulia?

Asiyeweza kulijibu swali la tatu bado hajatoa huduma anayoidai malipo. Kwa ofisi zinazotunza habari za watu wengine, jambo hili ni la kisheria pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, ikiwa ni pamoja na kuzikinga zisipotee kwa uzembe. Mwanachama ambaye rekodi ya akiba yake imefutika hatafarijiwa na maelezo kwamba ratiba ilikuwepo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini msimamizi wa nakala hapaswi kuwekwa katika kompyuta ile ile inayonakiliwa?
2. Nakala ya jana ilikuwa na megabaiti 850, ya leo ina megabaiti 3. Ishara ya mafanikio itumwe? Toa sababu.
3. Katika ofisi yako, nani atajua kesho asubuhi kama nakala ya usiku wa leo haikupatikana, naye atajuaje?

Asiyeweza kulijibu swali la tatu aanze leo kabla ya kufunga ofisi: atafute nakala ya mwisho, asome tarehe yake, na ajaribu kufungua faili moja lililomo.