Laptopu mpya inajizima, nimpe fundi?

*Nimenunua laptopu mpya Kariakoo, haijamaliza mwezi. Inaleta skrini ya bluu kisha inajiwasha upya. Fundi wa mtaani anataka kuifungua. Nimruhusu?*
*Msomaji, Dar es Salaam*

Usimruhusu, ndugu yangu. Ikifunguliwa, muuzaji atapata sababu ya kukunyima waranti. Najua unahofia umetapeliwa, lakini kifaa chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi huharibika mapema, hata kama muuzaji ni mwaminifu.

Mshukiwa wa kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, bonyeza Enter, ukubali iwake upya, itajipima yenyewe. Majibu yapige picha. Isipokuta kitu, tatizo laweza kuwa diski au ubao mama, basi irekodi video skrini ya bluu ikitokea.

Kabla ya kuirudisha dukani, nakili kazi zako zote. Hili nalisisitiza: mafundi wa waranti wakibadilisha diski, mafaili yako yamekwenda.

Kisha nenda dukani na laptopu, chaja, kadi ya waranti na risiti ya EFD. Usiiache huko bila karatasi ya mapokezi yenye namba ya mashine na maelezo ya tatizo. Dukani wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani (FCC).