Chumvi ya Nyumbani na Mtoto Aliye Tumboni

Rovu, au goita, yaani uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini joto, si jambo geni Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga. Mvua huosha madini joto kwenye udongo wa milimani, na mahindi na maharage ya kwenye mashimo ya ngoro hukua bila madini hayo ya kutosha. Ndiyo maana kuanzia 1986 Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kisha ikaelekeza nguvu kwenye chumvi.

Uvimbe wa shingo unaonekana; yanayotokea tumboni hayaonekani. Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni. Mpaka karibu mwezi wa nne wa mimba tezi ya mtoto bado haijaanza kazi sawasawa, na ubongo wake hukua kwa homoni ya mama. Homoni hiyo huingia ndani ya seli na kusaidia kuamua kinasaba kipi kiamke na kipi kitulie.

Juu ya vinasaba hukaa pia alama ndogo za kemikali. Elimu yake huitwa epijenetiki. Fikiria daftari la chama cha msingi cha kahawa: majina ya wakulima hayafutwi, ila alama ya penseli pembeni ndiyo inayoonyesha nani alipwe na nani asubiri. Watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia walitangaza mwaka 2014 kuwa chakula cha mama wakati mimba inatungwa huacha alama tofauti kwa mtoto. Kuhusu tezi, ushahidi mwingi wa alama hizi bado ni wa wanyama wa maabara. Kwa hiyo mtu asimwambie mama mwenye rovu kwamba mwanawe ameshaharibika.

Mama wengi hujua wana mimba wiki kadhaa zikiwa zimepita. Chumvi yenye madini joto basi iwe jikoni kabla ya mimba, na hili ni la baba anayetoa hela ya duka na la bibi anayepika pia. Chumvi ya mawe iliyo kwenye gunia wazi gulioni, ukungu ukiilowesha na maji yakichuruzika chini, hupoteza madini joto taratibu. Wapo wanaoiosha kwanza ili itoke mchanga: hapo madini huondoka na maji. Nunua ya pakiti, ifunike mbali na moto na jua, itie mboga ikikaribia kuiva. Usiongeze kiasi, chumvi nyingi hupandisha presha.

Huko Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na vijiji vyake, usipa ni kitoweo kizuri, lakini samaki wa maji baridi hana madini joto mengi kama wa baharini. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri nao huizuia tezi kuyatumia.

Mama mwenye uvimbe, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka au uchovu usioisha aseme kliniki mapema. Anayemeza dawa za tezi asiziache kwa sababu ya mimba, amwone daktari. Kama ni levothairoksini, aimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, na vidonge vya kuongeza damu vifuate baada ya muda wa saa 4 kupita, maana vikimezwa pamoja dawa haifyonzwi vizuri.

Mtoto mchanga anayelala mno, ananyonya kwa uvivu, ana choo kigumu, sauti ya kukwaruza au umanjano uliopita wiki 2, apelekwe hospitali mara moja apimwe tezi. Dawa ikianza ndani ya wiki za kwanza, ubongo wake hukua vizuri.