Bafu la Juu Linapovuja: Tahara, Afya na Haki ya Mnunuzi

Wengi wanaonunua nyumba ya ghorofa huikagua ikiwa haina watu. Shawa haitumiki na dari imepakwa rangi mpya, kwa hiyo kila kitu huonekana kizima. Familia ikihamia na kuanza kuoga kila siku, doa la manjano hutokea kwenye dari ya sebule, kisha matone hudondoka, pengine juu ya mkeka wa kuswalia.

Swali linaloulizwa kwanza ni kama maji hayo ni najisi. Asili ya maji ni tahara, na yakini haiondolewi kwa shaka. Maji yaliyokwisha kuogewa, kwa madhehebu ya Shafi, ni tohara ingawa hayafai tena kutawadhia. Ikiwa yanatoka kwenye bomba la choo, au yana harufu na rangi ya najisi, basi mkeka na nguo vioshwe. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa mahali anapoogea, kwa kuwa huko huzaa wasiwasi. Katika nyumba ya ghorofa wasiwasi huo humfikia hata anayeswali chini, basi watoto wazoeshwe kwenda chooni kabla ya kuoga.

Matone yakiwa karibu na taa au feni, zima umeme wa chumba hicho kwenye bodi kabla ya kushika chochote.

Kisha tafuta maji yanakotoka. Fundi mwenye haraka atataka kubomoa marumaru zote, nawe utalipa. Mwambie asubiri. Kama dari inadondoka hata siku ambayo hakuna aliyeoga, shuku bomba la maji safi lililo ukutani: funga koki inayotoka kwenye tangi usiku kucha uone kama matone yanapungua. Kama inadondoka baada ya kuoga tu, ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwaga maji sakafuni yafike kina cha vidole viwili, na ungoje saa moja au mbili. Dari ikilowa, sakafu au maungio ya marumaru ndiyo yanayopitisha. Ikibaki kavu, zibua tundu. Ikilowa sasa, ubovu uko kwenye bomba la maji machafu. Bado kavu? Fungulia shawa maji yaingie kwenye ndoo bila kugusa sakafu wala ukuta. Dari ikilowa safari hii, tatizo ni bomba linalopanda kwenye shawa.

Kabla nyundo haijagusa marumaru, mpigie aliyekuuzia. Sheria yetu inamtaka muuzaji abainishe aibu ya kitu anachouza, na mnunuzi aliyefichwa aibu iliyokuwapo tangu awali ana hiari ya kurudisha. Lakini hiari hiyo haitaki kucheleweshwa, na ukishavunja dai lako linakuwa gumu. Piga picha, ita shahidi, na umuone shekhe anayejua fiqhi ya biashara. Kupaka rangi juu ya doa ili nyumba iuzike ni udanganyifu, hata kama wengi wanafanya hivyo.

Usiliache doa likae. Nondo zinazolowa hushika kutu, huvimba na kupasua zege. Na penye unyevu huota ukungu mweusi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha unyevu na ukungu wa ndani na maradhi ya kifua, pumu ikiwemo. Mtoto mwenye pumu asilale chumba hicho. Fungua madirisha, washa feni kama umeme wake ni salama, na ufute ukungu kwa maji na sabuni ukiwa umefunika pua na mdomo. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwani hutoa hewa ya sumu.

Fundi akimaliza, rudia jaribio la kuziba tundu kabla ya kumlipa fedha ya mwisho. Rangi ya dari ingoje zege likauke kabisa, na wakati wa masika hilo huchukua wiki kadhaa.