Mzuri wa Mchungwani, Mwembamba wa Kijitoni

Masika yakishika, mchungwa huchipua majani mapya, na hapo ndipo wakulima wa Muheza huanza kunipigia simu: "Bwana shamba, kuna kinyesi cha ndege kwenye miche yangu, na kinatembea!"

Hicho ni kiwavi wa kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano. Akikua hugeuka kijani. Mguse uone atakavyochomoa vipembe viwili laini nyuma ya kichwa na kutoa harufu mbaya. Mchungwa mkubwa hata haumsikii. Mche wa kitaluni anaubakiza kijiti.

Baba zake utawakuta kijitoni, wametua kundi zima kwenye tope wakinyonya chumvichumvi. Hapo hapo, juu ya matete, yuko mwingine aliyekunja mabawa mgongoni kama wao: kereng'ende mwembamba, mwili kama njiti ya kiberiti. (Kereng'ende wale wanene hutua wametandaza mabawa.) Kipepeo ana mrija wa kunyonyea tu. Huyu mwembamba ana taya, na anakula mbu, inzi weupe na vidukari. Wala mtoto wake hapitii bundo, kile kifuko cha kiwavi kilichoshikizwa tawini. Anakulia majini, ana vijani vitatu vya kupumulia mkiani, na chakula chake ni pamoja na viluwiluwi vya mbu.

Sasa kosa la kila msimu: kiwavi yuko kitaluni, mkulima anapiga dawa, kisha solo, lile bomba la kupulizia, anakwenda kuliosha kijitoni! Kipepeo atarudi kutaga, maana anaruka kutoka mbali. Mtoto wa kereng'ende atakimbilia wapi?

Kiwavi muokote kwa mkono asubuhi, kabla ya chai. Geuza majani machanga utafute na mayai, vipunje vya njano mpauko, kimoja kimoja. Ukilazimika kupiga dawa, solo lioshee shambani, maji ya kusuuzia yanyunyizie miche ile ile.

Matete usiyafyeke, kwani jike la kereng'ende mwembamba hutaga ndani ya mashina ya mimea ya majini. Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huko juu Amani yupo kereng'ende mwembamba asiyejulikana kwingine duniani ila Usambara Mashariki, naye anategemea kijito chenye kivuli cha msitu.

Miche ikishapita kiuno, acha kuokota. Majani yatachipua haraka kuliko viwavi wanavyokula.