Bomu la Nyuklia Hukaguliwaje Bila Kulipuliwa?

Tarehe 23 Septemba 1992, Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi ya Nevada. Lilikuwa jaribio lake la 1,054. Tangu hapo haijalipua jingine, ingawa maelfu ya vichwa vya nyuklia bado yamo ghalani mwake.

Swali: Silaha iliyowekwa tu huharibikaje?
Jibu: Huzeeka. Tritiamu, gesi inayoongeza nguvu ya mlipuko, hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi, hivyo hujazwa upya. Plutoniamu, kiini cha bomu, hutoa mnururisho unaoacha viputo vya heliamu ndani yake. Baruti na plastiki nazo huchakaa.

Swali: Uzima wake hupimwaje?
Jibu: Kila mwaka vichwa kadhaa hufunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande. Katika mahandaki ya Nevada, plutoniamu kidogo hubanwa kwa baruti, lakini haifikii kiwango cha kuwasha mmenyuko wa mfululizo. Mlipuko wa nyuklia hautokei. Huko Los Alamos, mtambo wa DARHT hupiga picha za eksirei za mfano wa kiini wakati baruti inaubana.

Swali: Na joto la mlipuko wenyewe?
Jibu: Huko Livermore, California, miale 192 ya leza hutumika kubana kidonge cha haidrojeni kidogo kama punje ya pilipili manga. Tarehe 5 Desemba 2022, leza iliingiza megajuli 2.05, na muungano wa atomi ukatoa 3.15. Vipimo hivi huingizwa katika kompyuta kuu kama El Capitan, kisha majibu yake hulinganishwa na kumbukumbu za milipuko ya zamani. Yasipooana, hesabu hurudiwa.

Swali: Sisi Afrika Mashariki yatuhusu nini?
Jibu: Mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote haujaanza kutumika rasmi, lakini walinzi wake wako kazini, nasi tumo. Kituo cha Kilimambogo, Kenya, husikiliza mitetemo ya ardhi. Cha Dar es Salaam huchunguza hewa kutafuta chembe za mnururisho. Kenya na Tanzania zimeridhia mkataba huo.

Swali: Basi kuna sababu ya kurudia majaribio?
Jibu: Kwa Marekani, sayansi imeiondoa. Anayejua hali ya bomu lake bila kulilipua hana haki ya kuitikisa tena ardhi ya wote.