Wimbo Ni Wako, Rekodi Je?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watunzi wa kantri wa Nakuru, Eldoret na hata Arusha, ambao nyimbo zao zimeimbwa na wengine na sasa wanataka albamu zao wenyewe. Zile za kuuliza ununue maikrofoni gani nimeziweka kando. Maduka yapo.

Nilimpa mwimbaji wimbo wangu, akaurekodi ukavuma. Nikiuimba kwenye albamu yangu atanishtaki?

Barua nne zimeuliza hili, moja kwa hasira, kwa hiyo nawajibu pamoja na naomba msome polepole. Hapa pana mali mbili. Kuna wimbo, yaani maneno na melodia. Halafu kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku ile, na wapigaji wale. Kumruhusu mtu arekodi si kumuuzia wimbo. Kama hukutia saini ya kuuhamisha, wimbo bado ni wako, uimbe utakavyo. Usichoweza ni kukata kipande cha rekodi yake, hata lile gitaa la mwanzo tu, ukakibandika kwenye yako.

Willie Nelson alitunga “Crazy”. Patsy Cline akautoa mwaka 1961, na mwaka uliofuata Nelson akautia kwenye albamu yake ya kwanza. Taylor Swift, aliyeanzia kantri, rekodi za albamu zake za mwanzo ziliuzwa mwaka 2019 bila ridhaa yake. Lakini nyimbo alikuwa amezitunga yeye, peke yake au na wenzake. Zuio la mkataba la kutozirekodi upya lilipokwisha, akaingia studio tena, na mwaka 2021 “Fearless” ikatoka kwa mara ya pili. Hilo zuio lisome vizuri kama nawe uliwahi kurekodi chini ya kampuni.

Na jamani, acheni kuniandikia kwamba “The Gambler” ni wa Kenny Rogers. Aliutunga Don Schlitz, na Rogers hakuwa hata wa kwanza kuurekodi.

Je, nikijitumia wimbo kwa posta na bahasha nisiifungue, nimeulinda?

Umethibitisha kwamba posta inafanya kazi. Hakimiliki huanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Ukitaka ushahidi, usajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Prodyuza atanirekodi bure nikimwandika mtunzi mwenza wa nusu.

Bure gani hiyo? Hakuna barua inayonikera kama hii, na huja kila mwezi. Meneja wa Elvis Presley alitaka nusu ya haki za uchapishaji za “I Will Always Love You” ndipo Elvis aurekodi. Dolly Parton, aliyeutunga, akakataa, akalia usiku kucha, lakini akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na mirabaha ya mtunzi ikaenda kwa Dolly.

Prodyuza mlipe kazi yake. Kama kweli alichangia mistari au melodia, aandikwe. Chukua karatasi moja, juu andika jina la wimbo na tarehe, chini jina la kila aliyetunga na asilimia yake. Kila mmoja atie saini kabla hajaondoka chumbani. Mkisubiri wimbo uvume kwanza, kila mtu atakumbuka kwamba kiitikio kilikuwa chake.

Albamu ya mtunzi lazima iwe na nyimbo zake tu?

Nani kawaambia? Chris Stapleton aliwatungia George Strait, Kenny Chesney na Josh Turner kabla ya kutoa “Traveller” mwaka 2015. Wimbo ulioibeba albamu hiyo, “Tennessee Whiskey”, ni wa Dean Dillon na Linda Hargrove. Nelson naye, mtunzi mkubwa vile, wimbo uliompa namba moja yake ya kwanza kama mwimbaji mwaka 1975 ulitungwa na Fred Rose. Chukua leseni, lipa, imba.

Ninazo nyimbo arobaini. Niweke ngapi?

Kumi.

Ni lazima niende Nashville?

Hapana. “Red Headed Stranger” ya Nelson ilirekodiwa Garland, Texas, kwa vyombo vichache hivi kwamba wakubwa wa kampuni walidhani ni demo. Cha kuiga Nashville ni kuandika kodi za gitaa kwa namba: 1, 4, 5. Demo zako ulizipiga kwenye kii ya mwimbaji uliyemtungia, na sauti yako pengine iko chini zaidi. Ukiwa na namba, unawatajia wapigaji kii mpya na karatasi inabaki ileile.

Promota ameniahidi wasikilizaji laki moja kwa shilingi elfu tano.

Utakuwa umenunua mashine zinazocheza wimbo bila sikio hata moja. Spotify huzifuta hesabu za aina hiyo, na wimbo wenyewe waweza kushushwa. Hizo elfu tano mpe mpiga fidla.